Meli Ikija Msimbati, Nani Atawashusha Abiria?

Kila msimu wa kaskazi meli za kitalii hupita mbele ya pwani yetu, zikitoka Mombasa na Unguja kwenda kusini, au zikirudi. Baadhi ya zile ndogo hutia nanga Kilwa Kisiwani, abiria wakashuka kuyaona magofu. Mtwara wanaziona kwa darubini tu. Ndiyo maana swali limekuwa likizunguka: kwa nini meli hizo zisisimame pia kwenye Ghuba ya Mnazi, penye matumbawe, kasa na mikoko ya maingilio ya Ruvuma? Na kila swali hilo linapoulizwa, mfano unaotolewa ni Changuu, kile kisiwa cha Unguja ambacho dunia nzima inakijua kwa jina la kisiwa cha gereza, chenye kobe wakubwa.

Naamini mfano ni sahihi, ila unasomwa upande usiofaa. Hoja za pande zote nimezipa sauti nne, nikaziketisha baraza moja pale Madimba, kwenye njia iendayo Msimbati, kijiji cha ufukweni mwa ghuba hiyo. Hazina majina kwa sababu kila moja ni ya watu wengi. Mimi mwenyewe nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Shikamooni wazee.

MZEE MVUVI: Marahaba, mjukuu wangu. Sema.

KIJANA: Mimi nimefanya utingo kwenye boti za Forodhani, kwa hiyo nawaeleza nilichokiona. Changuu ni kisiwa kidogo sana. Urefu haufiki kilomita moja, na upana ni kama mita mia mbili na kitu. Toka Mji Mkongwe kwa boti ya mashine ni nusu saa tu, kama kilomita tano na nusu. Meli ikifunga gati pale Malindi asubuhi, mgeni ana saa chache za kukaa nchi kavu. Akienda mashamba ya viungo, anatumia nusu ya muda barabarani. Changuu ipo mbele ya macho yake, na vyote viko pamoja: jumba la gereza, kobe, maji ya kuogelea. Anarudi melini kabla ya jua kuzama, amefurahi. Boti moja inamlisha mwenye boti, nahodha, utingo, muuza mafuta, mtembezaji, na yule papasi aliyemwita mgeni barazani. Sisi huku tuna Ruvula, tuna Namponda na Membelwa, tuna aina zaidi ya 250 za matumbawe. Kwa nini tusiwe Changuu ya kusini?

MWALIMU MSTAAFU: Hao wageni mlikuwa mnawaambia nini wakifika?

KIJANA: Kwamba hili ni gereza, Mwalimu. Ndilo jina walilokuja nalo.

MWALIMU MSTAAFU: Basi mlikuwa mnawapa robo ya habari. Gereza lile lilijengwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza katika serikali ya Sultani. Alikinunua kisiwa mwaka 1893, akakusudia kuweka humo wahalifu wakali wa kutoka bara. Jengo lilikamilika, lakini mfungwa hakuletwa. Serikali ilikuwa na hofu nyingine iliyo kubwa zaidi, maradhi yanayosafiri na meli, hasa homa ya manjano, maana Unguja wakati huo ndiyo bandari kuu ya pwani yote hii. Kisiwa kikafanywa karantini. Abiria wakashushwa pale, wakaangaliwa kwa siku kadhaa, na asiye na ugonjwa akaruhusiwa kuingia mjini. Miezi isiyo ya karantini Wazungu wa mjini walikwenda kupumzika huko huko.

MAMA WA SOKONI: Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kufungwa Changuu?

MWALIMU MSTAAFU: Walifungwa, dada yangu, lakini si katika jengo hilo. Miaka ya 1860 Sultani Majid alikitoa kisiwa kwa Waarabu wawili, nao wakakitumia kuwazuia watumwa waliokaidi, kabla ya kupelekwa sokoni au kusafirishwa ng'ambo. Hao ndio waliofungwa Changuu. Wengi wa watu waliouzwa Unguja walitoka bara ya huku kusini, njia za Ziwa Nyasa zikitokea Kilwa na Mikindani. Ni watu wetu. Mgeni anapiga picha dirisha la gereza ambalo halikufunga mtu, na wale waliofungwa kweli anaondoka bila kuwasikia.

KIJANA: Mwalimu, kwa heshima yako, mgeni ana dakika arobaini na anataka kumlisha kobe majani. Nikianza habari za watumwa na karantini, wenzangu wameshamaliza mzunguko na kuchukua wengine.

MWALIMU MSTAAFU: Haya, tuanzie kwa huyo kobe. Unajua alitoka wapi?

KIJANA: Shelisheli. Hilo tunawaambia.

MWALIMU MSTAAFU: Mwaka 1919 gavana Mwingereza wa Shelisheli alituma Unguja kobe wanne wa Aldabra, zawadi kwa serikali. Sasa tazama Shelisheli yenyewe ilikuwa nini mwaka huo. Waingereza walikuwa wakiwafungia huko watawala wa Afrika waliokataa kutawaliwa. Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walikamatwa mwaka 1899, wakaishia huko. Mwanga alifia huko huko mwaka 1903. Prempeh wa Asante alifikishwa mwaka 1900. Kobe wanapakiwa melini kuja kwetu, Kabalega na Prempeh bado wamezuiliwa visiwani kule. Hata Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyepigiwa jumba lake mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 katika vita isiyofika saa moja, walimkamata Dar es Salaam mwaka 1916 wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena, mpaka akaja kufia Mombasa mwaka 1927. Na Mathews, aliyejenga gereza la Changuu, ndiye aliyekuwa upande wa pili wa ile mizinga. Hadithi hiyo inatosha katika nusu saa ya boti. Nahodha aizime mashine kidogo, mtembezaji aseme. Mgeni aliyelipa kuja mbali hivyo anastahili kuambiwa ukweli, na atausimulia kwao.

Nakubaliana na Mwalimu neno kwa neno. Watembeza watalii wengi wa pwani hii wana akili na lugha tatu au nne vichwani, lakini wanaachiwa wajifunze habari za mahali kutoka kwenye vijitabu vya wageni wenyewe. Ukisoma vijitabu hivyo utakuta kisiwa cha gereza kwa sababu gereza linauzika. Duniani vipo visiwa vya namna hiyo ambavyo gereza lake lilikuwa kweli: Robben ya Afrika Kusini, na vile visiwa vitatu vya Salut karibu na Kourou, Guyana ya Wafaransa, ambako kati ya mwaka 1852 na 1953 Ufaransa ilipeleka wafungwa kwa maelfu, wengi wakafa. Meli za kitalii husimama kule pia. Abiria wanatembea kati ya magofu huku nyani wadogo na wanyama wa porini wakiwajia miguuni. Visiwa vile leo ni mali ya shirika la anga la Ufaransa, na roketi inaporushwa kutoka Kourou watu huondolewa. Sisi wa Madimba, wenye mitambo ya gesi uani, tunaweza kuelewa kwa haraka maana ya mahali pazuri ambapo mwenye neno la mwisho yuko kwingine.

MAMA WA SOKONI: Mwandishi amegusa penyewe. Mimi nauza pweza na ngisi, sijasoma vitabu hivyo, lakini gesi nimeiona na macho yangu. Gesi ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la kuihamisha, na wengine wakapoteza maisha. Oktoba 2015 kiwanda hapa Madimba kikazinduliwa, bomba la inchi 36 likaelekea Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia tano. Sisemi gesi ni mbaya. Inawasha taa za nchi. Nasema nimejifunza kuuliza kitu kinapita wapi kabla hakijapita. Meli nayo inaweza kuwa bomba. Inaingia ghubani, inafyonza kilicho kizuri, inaondoka, na sisi tunabaki kuitazama ikipungua machoni. Kijana, mgeni wa Changuu anamlipa nani?

KIJANA: Inategemea, mama. Anayeshuka mwenyewe na kutembea hadi Forodhani, anamlipa nahodha mkononi. Lakini wengi wameshanunua matembezi humo humo melini, kabla hawajaona nchi. Meli inawasiliana na kampuni, kampuni inatafuta boti, na nahodha anapata kilichobaki. Mgeni akisikia baadaye nahodha alipewa ngapi, anashangaa.

MAMA WA SOKONI: Na hizo meli ndogo zinazofika Kilwa?

KIJANA: Hizo... hizo zina boti zao. Boti za mpira zenye mashine, zinateremshwa ubavuni mwa meli, zinakwenda hadi mchangani. Hazihitaji gati.

MAMA WA SOKONI: Kumbe hata kamba hatutashika! Abiria wanashushwa na boti ya meli, wanaongozwa na mtaalamu wa meli, wanakunywa maji ya meli, chakula cha mchana wanarudi kula melini. Mimi nitamuuzia nani?

KIJANA: Watanunua vinyago vya Wamakonde, mama.

MAMA WA SOKONI: Kinyago kimoja kwa saa mbili za ufuko wetu!

Hapa ndipo palipo moyo wa suala, na ndipo Changuu inapofundisha kitu ambacho watetezi wake hawakitaji. Kilichowafaidisha Waunguja ni ile nusu saa ya maji kati ya mji na kisiwa. Abiria hawezi kuivuka bila boti ya mwenyeji. Jumba na kobe vingekuwa Malindi pale pale, mbele ya gati, manahodha wa Forodhani wasingepata kitu. Kwa hiyo anayetaka Msimbati iwe Changuu asianze kuuliza tuna mnyama gani au tuna gofu gani. Aulize nani atawashusha abiria kutoka melini hadi mchangani, kwa chombo cha nani, kwa bei iliyoandikwa wapi.

MZEE MVUVI: Nyote mmesema kana kwamba mchanga ule ni ukumbi wa kukodisha. Mimi sijasikia mtu aliyeuliza kama tunataka. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650. Tukaambiwa kokoro basi, nyavu za macho madogo basi, na baruti, ambayo hata mimi niliichukia kwa kuwa inaua mpaka mtoto wa samaki, basi. Tukaelezwa bahari ipumzike. Sawa. Leo mvuvi anaambiwa asikanyage matumbawe, kesho wageni mia mbili wanashuka kwa mpigo mmoja na viatu vya mpira. Nani atamwelewesha mwanangu?

MAMA WA SOKONI: Tena Mzee, wanashuka siku gani? Bamvua, maji yakikauka sana, ndizo siku zetu wanawake. Tunaingia mwambani na vijiti vyetu kutafuta pweza na chaza. Siku hizo ni chache kwa mwezi. Meli ikija siku hiyo, tutatakiwa tuondoke ili picha zipendeze, au tutapigwa picha sisi.

KIJANA: Mnaweza kulipwa kwa picha.

MAMA WA SOKONI: Sitaki kulipwa kwa picha. Nataka pweza wangu.

MZEE MVUVI: Kisha hao wanyama. Kijana, kobe wa Changuu akitafutwa saa nne asubuhi yupo, saa tisa yupo. Yuko ndani ya uzio. Kasa wetu hana uzio. Anapanda ufukweni usiku, maji yamejaa, na akiona taa au akisikia miguu anageuka na mayai yake. Watoto wake wakitoka mchangani wanaifuata nuru ya bahari; ukiwasha taa nyuma yao wanaelekea vichakani na hawafiki. Meli ina saa yake ya kung'oa nanga. Kasa haijui.

KIJANA: Lakini Mzee, kobe wa Changuu waliokolewa na wageni. Bila watalii wangekuwa wameisha.

Hilo nimelisikia mara nyingi na halijakamilika. Wale wanne wa mwaka 1919 walizaliana vizuri. Kufikia mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha wakaanza kuibwa, wengine kwa nyama, wengine kuuzwa nje kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Mwaka 1988 walikuwa wamebaki 100 hivi. Mwaka 1990 walikuwa 50. Mwaka 1996 walikuwa saba. Saba! Na kati ya makinda 80 waliopelekwa mwaka huo ili walindwe, nusu wakatoweka. Tazama miaka hiyo: ni wakati ule ule ambapo milango ya utalii wa Zanzibar ilikuwa ikifunguliwa. Wageni walikuwapo na kobe wakaibwa. Kilichowarudisha ni Serikali ya Zanzibar na shirika la kimataifa la kulinda wanyama, WSPA, kujenga uzio mpana, kuweka walinzi na kuwahesabu. Mwaka 2000 walikuwa wakubwa 17, wadogo 50 na makinda 90. Fedha ya mgeni inaweza kumlipa mlinzi, na hilo ni jambo jema. Lakini mlinzi atangulie. Kwa pwani yetu ambako kasa hawezi kufungiwa uani, sharti hilo ni zito mara kumi.

MWALIMU MSTAAFU: Kuna mfano wa kasa, Mzee, na uko karibu. Kisiwa cha Juani, Mafia. Shirika la Sea Sense linafanya kazi na walinzi wa viota wanaotoka vijijini. Mlinzi akikuta kiota, anaandika siku, anahesabu kama miezi miwili, kisha anajua wiki ambayo watoto watatoka. Wageni wachache wanaitwa siku hiyo, wanakaa nyuma, wanatazama watoto wakiteremka majini. Sehemu ya ada inarudi kijijini.

MZEE MVUVI: Wageni wachache. Umesema mwenyewe.

MWALIMU MSTAAFU: Wachache, ndiyo. Wanaolala Mafia siku tatu nne wakisubiri. Mgeni anamfuata kasa.

MZEE MVUVI: Mgeni wa kulala simkatai. Analala, anakula samaki wangu, watoto wanalijua jina lake. Ninayemkataa ni wa saa mbili. Na jambo jingine. Ng'ambo ya Ruvuma kuna Ibo, ambako Wamwani wanasema lugha ambayo mimi naielewa bila mkalimani. Ngome ya Wareno iko pale, ya mwaka 1791, nayo ilifunga watu kweli kweli, hadi siku za mwisho za ukoloni. Baadaye masonara wakaingia humo wakifua mikufu ya fedha, wageni wakawa wanafika kununua. Vita vya Cabo Delgado vikaanza Oktoba 2017. Kimbunga Kenneth kikapiga Aprili 2019. Kisiwa kikajaa wakimbizi badala ya wageni. Sisi wenyewe Mtwara tulishambuliwa pale Kitaya, Oktoba 2020. Mwenye meli akisikia mlio mmoja anachora njia nyingine kwenye ramani, na wala hatukosei kumwelewa. Lakini aliyeuza mtumbwi wake akanunua viti vya kukodisha, atakula viti?

KIJANA: Mzee, na mimi nile nini? Korosho ni msimu mmoja. Bahari mnasema ipumzike. Kiwanda cha gesi kinataka vyeti ambavyo sina. Nikienda Unguja naitwa mtu wa bara, nikirudi naambiwa nisubiri. Mimi naijua kazi ya boti na naijua lugha ya mgeni. Ndicho nilicho nacho.

Pakawa kimya kidogo, maana hilo halina jibu la haraka, na sitaki mtu yeyote alipite kwa kuruka. Vijana wa kusini waliokwenda kubeba mizigo ya utalii wa Unguja ni wengi, na ujuzi wao unarudi nyumbani kukaa bure. Nikiamua mimi, nasema meli ndogo ije, isiyozidi idadi ambayo mchanga unaweza kupokea, isije usiku, isije siku za bamvua, isikaribie fuko zenye viota. Boti za mpira zibaki ubavuni mwa meli. Abiria washushwe na ushirika wa manahodha wa hapa, wenye vyombo vilivyokaguliwa na majaketi ya kuokolea, kwa bei iliyobandikwa ukutani ambako mgeni na mwanakijiji wote wanaisoma. Na anayesimama mbele ya mgeni kusimulia awe mtu aliyefundishwa na kina Mwalimu.

KIJANA: Wenye meli watakataa. Watasema usalama, bima, muda. Boti zao wamezizoea.

MAMA WA SOKONI: Wakikataa, tumepungukiwa na nini? Pweza wangu bado yupo.

MZEE MVUVI: Mimi bado nasema hapana. Lakini kama mtasema ndiyo, sitaki isemwe mjini kwa niaba yetu.

MWALIMU MSTAAFU: Sheria ipo, Mzee. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe.

MAMA WA SOKONI: Basi iingizwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, na mwenyekiti asome masharti yote kwa sauti, moja moja, boti kwanza. Kijana, wewe unayejua bei za Forodhani, uje na karatasi. Na usipange siku ya bamvua, maana nusu ya wanawake tutakuwa mwambani.